Tuandikapo "With Any Luck" Twaahidi Nini?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoota mizizi katika barua, ripoti na matangazo ya ofisi zetu, yamo maneno matatu mafupi: "with any luck". Twayakuta katika barua ya mkandarasi wa barabara, katika ripoti ya mhandisi wa maji, katika barua ya kijana aombaye kazi. Na, jambo ambalo latuhusu zaidi sisi tuliokabidhiwa kazi ya kutoa habari za jeshi, twayakuta katika taarifa zinazopelekwa kwa jamaa za askari. Ni maneno mapole yasiyomkwaruza mtu. Kwa sababu hiyo hiyo watu wengi huyaandika pasipo kuyapima, na wengi zaidi huyasoma pasipo kuyaelewa.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba twataka kuugeuza ukurasa huu wa Kiswahili kuwa darasa la Kiingereza. Hata kidogo. Lakini ni dhahiri kwamba hapa Uganda lugha hizi mbili zimekaa pamoja jeshini kwa miaka mingi. Tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha askari wa makabila mbalimbali, na ofisa wa Kiingereza alilazimika kujifunza angalau kiasi cha kumwezesha kuongoza watu wake. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, karatasi nyingi zingali zikiandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo sentensi huzaliwa kwa Kiingereza juu ya meza ya ofisi, kisha hubebwa kwa Kiswahili hadi kwenye ubao wa matangazo kambini, na mara nyingi ni katika safari hiyo fupi inapopotea.

Basi maneno haya yana maana gani? Maana yake ni kwamba, bahati ikiwepo hata kidogo, jambo tunalolitaka litatimia. Mwandishi anayeyatumia atoa habari kuhusu jambo ambalo bado halijatokea, au ambalo kama limekwisha kutokea yeye mwenyewe hajapata habari zake. Jambo hilo analitamani. Na utimizo wake haumo mikononi mwake, au haumo wote. Likikosekana moja katika hayo, maneno hayo hayana mahali katika sentensi.

Neno linalowapotosha wengi ni hilo "any". Shuleni tulifundishwa kwamba "any" ni "yoyote", basi mwanafunzi akikutana nalo hapa hufasiri "kwa bahati yoyote", maneno ambayo katika Kiswahili hayana kichwa wala miguu. "Any" hii ni ndugu ya ile iandamayo na "if": Mwingereza husema "if we have any luck", yaani tukipata bahati japo chembe. Sharti limo, ila limefichwa. Mswahili halifichi sharti lake. Huliweka waziwazi katika kitenzi kwa kiambishi kimoja kidogo, "-ki-": bahati ikitujalia, mambo yakituendea vyema, Mungu akipenda. Anayesikia hajui tu kwamba pana matumaini, bali ajua pia kwamba matumaini hayo yamefungwa kwenye sharti. Twaomba msomaji akikumbuke kiambishi hiki, maana tutarudi kwake.

Tukizungumza juu ya neno lenyewe, yafurahisha kuona kwamba lugha zote mbili zililiazima. "Luck" iliingia katika Kiingereza katika karne ya 15 kutoka kwa jamaa zao Waholanzi na Wajerumani wa kaskazini, na wataalamu wa lugha wanadhani ililetwa na wacheza kamari. "Bahati" yetu asili yake ni Kiajemi, nasi tukaipata kupitia Kiarabu. Hata hivyo hatukuishia hapo: kutokana na nomino hiyo tuliunda kitenzi "kubahatisha", nacho hakina sifa njema. Mwanafunzi anayebahatisha majibu hakusoma, na mpiga risasi anayebahatisha shabaha apoteza risasi za umma.

Sasa tuyatazame makosa yenyewe. Lililo kubwa kuliko yote ni kuyatumia maneno haya kwa jambo lililokwisha kutokea na linalojulikana. Tuseme ofisa wa zamu aandika: "With any luck, the patrol returned last night." Yeye mwenyewe aliwapokea wale askari langoni na kuwahesabu mmoja mmoja, alichotaka kusema ni kwamba, kwa bahati nzuri, doria ilirudi salama. Lakini alichoandika ni kwamba yeye hajui kama imerudi na anatumaini tu. Mkuu wake anayesoma karatasi hiyo umbali wa kilomita mia moja ana haki kabisa ya kutuma kikosi cha kuwatafuta watu waliolala vitandani mwao. Kwa jambo lililokwisha kutimia na kuthibitishwa, Kiingereza kina "luckily" na "fortunately". Tofauti iliyopo ni tofauti kati ya ripoti na matumaini, na jeshini hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Hata hivyo asije mtu akasema kwamba maneno hayo hayaruhusiwi kabisa pamoja na wakati uliopita. Ofisa aliyeko Soroti aweza kuandika kwa usahihi: "By now, with any luck, they have reached Moroto." Kuwasili kwao, kama kumetokea, kumetokea tayari, ila yeye hana habari nako. Basi kipimo ni ujuzi wa mwandishi, wala si saa ya ukutani.

Kuna mapacha ambao huwachanganya hata walimu. "As luck would have it" ni maneno ya msimuliaji wa hadithi: ilitukia tu kwamba, wala hayasemi kama yaliyotukia yalikuwa mema au mabaya. "By any chance" ni ya kuuliza kwa adabu. Na "without any luck", ambayo kwa macho yaonekana kuwa kinyume cha "with any luck", si kinyume chake hata kidogo. Ukiandika kwamba mlitafuta redio iliyopotea kwa saa tatu "without any luck", wasema kwamba mlitafuta mkaambulia patupu. Hapo hapana sharti wala matumaini, ni taarifa ya kushindwa. Kadhalika tumeona "with any lucky" na "with any lucks". La kwanza limechanganya nomino na kivumishi, na la pili limehesabu kisichohesabika. Haya ni makosa ya kalamu tu, nayo humwaibisha mwandishi bila kumpoteza msomaji. Hatutayakalia.

Linalompoteza msomaji ni kuyaunganisha maneno hayo na jambo baya. "With any luck, the river will carry away the bridge." Aliyeandika hivi alitaka kuonya kwamba mto waweza kulibeba daraja, lakini Mwingereza anayesoma atauliza kwa nini mtu huyu analitakia mabaya daraja la serikali. Kwa jambo tunaloliogopa husemwa "if we are unlucky", yaani tukikosa bahati. Ama kusema kwamba jambo baya halitatokea, hilo laruhusiwa: "With any luck, the bridge will hold." Wako pia wanaojikinga mara mbili, kama mtu aliyevaa makoti mawili ya mvua: "With any luck, it may perhaps be possible that..." Maneno yenyewe yamekwisha kubeba shaka yote inayohitajika, ukiongeza "may" na "perhaps", msomaji ahisi kwamba jambo hilo halitakuwa kamwe.

Hayo ni ya sarufi. Lakini sarufi ikiwa safi, bado pana swali zito zaidi: je, jambo lenyewe ni la bahati kweli?

Tuchukue sentensi mbili. Ya kwanza: "With any luck, the rain will hold off until the lorries have crossed." Ya pili: "With any luck, the spare parts will be ordered this week." Zote mbili ni Kiingereza safi, lakini moja ni ya kweli na nyingine ni kificho. Mvua haina mkubwa wa kumpigia saluti, na anayeandika kwamba anatumaini itakawia asema kweli. Vipuri, kwa upande mwingine, huagizwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ndiye aliyeishika kalamu. Atakapokuwa hajaviagiza kufikia Jumamosi, itaonekana kwamba bahati ndiyo iliyolala kazini. Hapa ndipo maneno haya mapole yanapofanya kazi ya hila: huondoa jukumu begani mwa mtu na kulitwika juu ya kitu kisichoweza kuitwa mbele ya mkuu kujieleza.

Katika shule za makadeti za majeshi mengi yenye asili ya mafunzo ya Kiingereza, kijana hufundishwa kuandika amri ya vita chini ya vichwa vitano: hali, kazi, utekelezaji, huduma, na uongozi pamoja na mawasiliano. Kadeti hurudia vichwa hivyo hata usingizini. Humo mna mahali pa adui, mahali pa ardhi, mahali pa chakula na maji na majeruhi. Mahali pa bahati hapamo. Si kwamba waliotunga utaratibu huo hawakujua kwamba vita vina bahati yake. Walijua kuliko sisi. Lakini kitu ambacho hakina mtu wa kukisimamia hakiwezi kuwekwa katika amri. Kama mvua ni hatari, yaandikwe chini ya "hali" kwamba mvua yatazamiwa, na chini ya "utekelezaji" yaandikwe yatakayofanywa ikinyesha.

Mfano ulio bora kabisa twaupata kwa Jenerali Dwight Eisenhower. Mwezi Juni 1944 majeshi ya washirika yalikuwa tayari kuvuka bahari kwenda Normandy, Ufaransa. Siku iliyopangwa ilikuwa tarehe 5. Hali ya hewa ikachafuka, ikabidi kusogeza mbele kwa siku moja kwa kutegemea utabiri wa wataalamu kwamba patatokea nafasi fupi ya utulivu. Kama palikuwa na siku ambayo jemadari angeweza kusema "with any luck" bila kulaumiwa, basi ni hiyo. Lakini siku hiyo Eisenhower aliandika kwa penseli karatasi fupi ya kutangazwa endapo shambulio lingeshindwa, akaitia katika pochi yake. Karatasi hiyo ipo hadi leo, na masahihisho yake yaonekana. Mwanzoni aliandika kwa namna isiyomtaja mtu, kwamba majeshi yameondolewa; akafuta, akaandika kwamba yeye ndiye aliyeyaondoa. Mahali alipokuwa ametaja tu operesheni hiyo, alifuta akaweka uamuzi wake mwenyewe wa kushambulia. Akamalizia kwa kusema kwamba lawama yoyote itakayokuwapo ni yake peke yake. Mvua na mawimbi havikupewa lawama. Hata tarehe aliikosea, akaandika Julai badala ya Juni, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa amechoka. Lakini nani wa kulaumiwa hakukosea.

Tumeyataja maneno haya kuwa mapole. Upole huo una kwao. Kiingereza cha Uingereza kina ukoo mzima wa semi za kupunguza makali, na anayekua ndani yake hujua kusikia kilichofichwa. Mkubwa akimwuliza mdogo wake kama ripoti itakuwa tayari saa kumi, na mdogo akajibu tu "with any luck", Mwingereza ajua kutokana na sauti kwamba ripoti bado ina kazi. Ukiiandika sauti hiyo karatasini, yapotea. Na ikiwa msomaji hakukulia katika ukoo huo, yaweza kupotea hata kwa simu.

Katika vita vya Korea, mwezi Aprili 1951, Brigedi ya 29 ya Uingereza ililinda mto Imjin dhidi ya Wachina waliokuja kwa wingi mkubwa. Brigedia Tom Brodie, kamanda wake, alikuwa chini ya jenerali wa Kimarekani. Alipoulizwa hali ilivyo, kama inavyosimuliwa, alijibu kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky", yaani yamenata kidogo. Kwa Mwingereza hicho kilikuwa kilio cha msaada. Kwa Mmarekani yalikuwa maneno ya mtu ambaye ana tabu lakini ameidhibiti. Kikosi cha Gloucestershire kiliendelea kushikilia kilima chake hadi tarehe 25 kikiwa kimezungukwa. Zaidi ya askari mia tano wa kikosi hicho wakachukuliwa mateka, na waliofaulu kupenya ni wachache sana. Hatusemi kwamba maneno mawili ndiyo yaliyokiangamiza kikosi. Adui alikuwa mwingi na muda ulikuwa mfupi. Lakini wakati ule ambapo msaada ungeweza kufikiriwa, maneno yalisema jambo jingine.

Miaka kumi baadaye Wamarekani wenyewe walijikwaa kwa maneno yao. Mapema mwaka 1961 wakuu wa majeshi yao waliombwa watoe maoni juu ya mpango wa siri wa kuwashusha Wakuba waliokimbia nchi yao katika pwani ya Cuba. Waliandika kwamba mpango huo ulikuwa na "a fair chance" ya kufaulu. Rais John Kennedy na washauri wake walielewa kwamba wakuu wa majeshi wameridhika. Brigedia Jenerali David Gray, aliyeongoza uandishi wa karatasi ile, alieleza baadaye kwamba walikusudia nafasi ya kufaulu kama thelathini katika mia. Yaani, kwa hesabu yao, kushindwa kulikuwa kwa uwezekano zaidi ya mara mbili ya kufaulu. Hesabu hiyo haikuandikwa. Tarehe 17 Aprili 1961 watu wapatao 1,400 walishuka katika Ghuba ya Nguruwe, na kabla siku tatu hazijatimia zaidi ya 1,100 kati yao walikuwa wametekwa au wako njiani kutekwa.

Aliyekwisha kuliona tatizo hilo kabla yake ni Sherman Kent, mwalimu wa historia aliyekuwa mkuu wa ofisi ya makadirio ya kijasusi ya Marekani. Mwaka 1951 ofisi yake ilitoa karatasi kuhusu kama Yugoslavia ingeshambuliwa mwaka huo, ikasema kwamba shambulio lichukuliwe kuwa jambo linalowezekana kwa uzito. Ofisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje akamwuliza Kent ana maana ya kiasi gani. Kent akamjibu kwamba yeye alifikiria kama sitini na tano kwa thelathini na tano za kushambuliwa. Yule ofisa alishtuka, maana wenzake walikuwa wameyasoma maneno hayo kuwa na uzito mdogo zaidi. Kent akarudi akawauliza wenziwe walioiandika karatasi ile pamoja naye, mmoja mmoja. Kulikuwa na aliyekusudia ishirini katika mia, na aliyekusudia themanini. Walikuwa wameketi meza moja na kukubaliana sentensi moja, kila mtu akiwa na maana yake mfukoni!

Mwaka 1964 Kent aliandika makala akipendekeza kila neno la uwezekano lipewe tarakimu yake. Wenzake wengi walimcheka. Leo hii wajukuu wa ofisi hiyo wana agizo rasmi, lililotolewa upya mwaka 2015, ambalo lina ngazi ya maneno na tarakimu: neno la "yaelekea" ni kati ya 55 na 80 katika mia, "yaelekea sana" ni kati ya 80 na 95, na nusu kwa nusu ni kati ya 45 na 55. Katika ngazi hiyo yote, "luck" haina daraja. Kwetu hilo si la kushangaza, maana "with any luck" haisemi uwezekano ni kiasi gani. Mwandishi mmoja huiandika akiwa na uhakika wa tisa katika kumi na kuogopa kujisifu; mwingine huiandika akiwa amekata tamaa na kuogopa kusema hivyo. Msomaji hana njia ya kuwatenganisha.

Mpaka hapa tumesema juu ya majenerali na marais. Lakini wanaoumizwa zaidi na maneno haya si wao. Ni watu walioko langoni.

Katika kambi moja ambayo hatutaitaja, tulishuhudia tangazo likiletwa kutoka ofisini kwa Kiingereza: "With any luck, the convoy will be back on Friday." Msafara wa malori ulikuwa unarudi kutoka kaskazini baada ya miezi mingi, nayo ilikuwa majira ya mvua. Kwa Kiingereza sentensi hiyo haikuwa na kosa: jambo lilikuwa la mbele, lilitamaniwa, na barabara haikuwa mikononi mwa aliyeandika. Karani aliyepewa kazi ya kuibandika ubaoni kwa Kiswahili aliandika: "Kwa bahati nzuri, msafara utarudi siku ya Ijumaa."

Msomaji ameona kilichotokea. Kile kiambishi "-ki-" hakikuwapo. Sharti liliachwa mezani kwa ofisa, na ubaoni ikabaki habari njema, kamili, yenye siku yake. "Kwa bahati nzuri" katika Kiswahili hutangulia jambo lililothibitika. Basi Ijumaa asubuhi akina mama walichinja kuku, watoto wakavalishwa nguo za Krismasi, na wazee waliotoka vijijini kwa mabasi wakaketi chini ya mti karibu na lango. Jua lilitua. Jumamosi ikapita. Mama mmoja, mtu mzima, alimwendea ofisa wa zamu akamwuliza mwanawe yuko wapi.

"Mama, barabara imekatika kwa mvua. Tuliandika bahati ikiwepo."

"Mwanangu, mimi nimesomewa ubao huo mara tatu. Hamkuandika ikiwepo. Mliandika watarudi."

Afande yule hakuwa na jibu, kwa kuwa mama alisema kweli. Kufikia Jumapili usiku nyumba mbili zilikuwa zimeanza matanga, maana kwa watu waliozoea vita, askari aliyeahidiwa asipoonekana maelezo huwa ni moja tu. Jumatatu alasiri malori yaliingia yote, yakiwa yamejaa matope hadi kwenye vioo, wala hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejeruhiwa. Waliokuwa wamelia waliona haya, na haya ile haikuwa yao.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuandika "Mungu akipenda", nasi hatupingani na imani ya mtu yeyote. Kwa sarufi, "Mungu akipenda" na "tukijaliwa" ni tafsiri nzuri kuliko "kwa bahati nzuri", kwani sharti limo. Lakini maneno hayo nayo yamezoeleka mno midomoni, hata masikio mengine huyapita kama salamu. Mtu anayengoja mwanawe ahitaji kujua ni nini hasa kinachoweza kuuzuia msafara, na atasikia lini tena. Jenerali Douglas MacArthur alipoanza shambulio lake la mwisho wa Novemba 1950 huko Korea, taarifa yake rasmi ilikuwa na sharti ndani yake: ikiwa shambulio litafaulu, vita vitakuwa vimekwisha kwa hakika. Akagusia pia vijana kurudi nyumbani kufikia Krismasi. Magazeti na familia zikaliacha sharti zikaishika Krismasi, na shambulio lenyewe likapewa jina hilo. Siku iliyofuata Wachina walishambulia kwa majeshi makubwa, na vita vikaendelea hadi Julai 1953. Sharti lisilotajwa kwa jina lake husahauliwa upesi namna hiyo, awe aliyelisema ni jenerali wa nyota tano.

Kwa hiyo, kwa ndugu zetu walioko katika ofisi za matangazo, kama bahati iliyokusudiwa ni barabara, iandikwe barabara. Kwa Kiingereza: "The convoy will be back on Friday if the road is open." Na kwa ubao wa Kiswahili twapendekeza hivi: "Msafara umeanza safari ya kurudi. Barabara ikipitika utafika Ijumaa jioni. Mvua ikiikata, utachelewa. Usipofika Ijumaa, habari nyingine zitatolewa hapa hapa Jumamosi saa nne asubuhi." Ikifika Jumamosi saa nne na habari mpya hazipo, ofisa atoke hata hivyo, asimame mbele ya watu, aseme kwamba habari mpya hazipo. Tangazo la namna hiyo lachukua mistari mitatu badala ya mmoja, na ubao wa kambi ile, tuliupima kwa macho, una nafasi ya mistari arobaini.